Usukani wa jirani katika barabara yetu

Juma hili napenda tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona barabarani, lakini ni wachache waliokaa wakalifikiria: upande ambao dereva hukaa ndani ya gari lake.

Siku moja ya mnada pale Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, nilikaa kwenye benchi la mama muuza chai, kando ya barabara kuu iendayo Singida. Lori refu lenye namba za Burundi likasimama mbele yetu. Dereva akafungua mlango wa kushoto, akashuka taratibu akakanyaga majani ya ukingoni. Utingo wake akashuka kwa mlango wa kulia, akatua katikati ya lami. Pikipiki iliyokuwa ikitoka upande wa Babati ikamkwepa kwa nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Watu wakapiga kelele, utingo akacheka kwa hofu, na mambo yakaisha.

Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akatikisa kichwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, usililaumu gari. Mimi nimeendesha lori la namna hiyo miaka mingi, napakia maharage Dongobesh na vitunguu swaumu Bashay, nashuka nayo hadi Bujumbura. Mlimani nililipenda. Tambarare nililiogopa."

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno yake na yale yanayofahamika katika historia ya magari duniani, na nimeona kwamba mzee yule alikuwa amekusanya elimu ya miaka mia moja katika sentensi mbili.

Tuanze na swali la kwanza. Kwa nini sisi tunashika kushoto na jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanashika kulia? Wengi hudhani ni mambo ya tangu na tangu. La hasha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani, na Mbulu ilikuwa na boma lake la Kijerumani. Mwaka 1916 vita vikaigawa nchi hiyo. Upande wetu majeshi ya Mwingereza, yenye askari wengi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, yaliteremka kutoka Arusha, yakapita Ufiome, jirani na Babati ya leo, yakaingia Kondoa Irangi mwezi Aprili. Upande wa magharibi Wabelgiji walitoka Kongo, wakaingia Kigali mwezi Mei, na ilipofika Septemba walikuwa wameuteka mji wa Tabora.

Vita vilipomalizika wakubwa wakakaa mezani. Kwa mapatano ya mwaka 1919 Mbelgiji aliachiwa Rwanda na Burundi, naye akamwachia Mwingereza Tabora na sehemu nyingine alizokuwa amezishika. Gisaka, ukanda wa mashariki ya Rwanda, uliwekwa kwanza upande wa Mwingereza aliyekuwa na ndoto ya njia ya kutoka Cape hadi Cairo, kisha miaka michache baadaye ukarudishwa Rwanda. Mwingereza alikuja na desturi ya kwao ya kushika kushoto, Mbelgiji akaja na yake ya kushika kulia. Lau mpaka ungechorwa pale majeshi yalipokomea, huenda leo dereva wa Tabora angekuwa anashika kulia. Hakuna mkulima wa Dongobesh wala mfugaji wa Basotu aliyeulizwa. Lakini kila siku malori ya pande zote mbili yanapokutana barabarani, yanabeba urithi wa mapatano yale.

Swali la pili ni la usukani wenyewe. Leo tunachukulia kwamba panaposhikwa kushoto usukani huwa kulia, na panaposhikwa kulia usukani huwa kushoto. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Huko Marekani, ambako hushika kulia, magari mengi ya mwanzo yalikuwa na usukani kulia vilevile. Ni kampuni ya Ford iliyotoa gari lake la Model T mwaka 1908 likiwa na usukani wa kushoto, na kwa kuwa gari hilo liliuzwa kwa mamilioni, wengine wakafuata. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Dereva akikaa upande wa katikati ya barabara humwona vema anayemjia mbele, na abiria wake hushukia ukingoni, si katikati ya njia.

Hata hivyo wako waliokataa kwa miaka mingi. Kampuni ya Lancia ya Italia, nchi ambayo hushika kulia, iliendelea kutengeneza magari yenye usukani wa kulia hadi miaka ya 1950. Uswisi nako, mabasi ya posta yanayopanda milima ya Alps yaliendelea na usukani wa kulia kwa miongo mingi, ingawa nchi nzima hushika kulia. Je, watu hawa hawakujua hesabu? Walijua sana. Katika njia nyembamba ya mlimani hatari kubwa si gari linalokuja mbele, kwa sababu huko mwendo ni wa kobe na kila mtu hupiga honi kwenye kona. Hatari kubwa ni ukingo. Dereva anayekaa upande wa ukingo huliona tairi lake linapokanyaga, na huweza kupishana na mwenzake akiwa na hakika kwamba hajaning'inia hewani.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa Katesh. Anayeijua Mbulu anajua kwamba huwezi kuifikia kutoka bonde la Manyara pasipo kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ukitokea Mbuyu wa Mjerumani utaupanda mlima Magara. Ukitokea Dareda kwenda Dongobesh utaupanda ukuta uleule kwa njia nyingine. Katika njia hizo dereva wa lori lililosheheni, anaposhika kushoto na korongo likawa kushotoni kwake, hutamani macho yake yawe juu ya tairi la kushoto. Mzee yule, akiwa na usukani wa kushoto, alikuwa nayo macho hayo. Aliniambia kwamba wenzake wenye usukani wa kulia walikuwa wakimtuma utingo ashuke aangalie ukingo, yeye akipita mwenyewe. Kwa hiyo mlimani alilipenda.

Sasa tushuke tambarare. Ukishaiacha Dareda kuelekea Katesh, mlima Hanang ukiwa mbele yako, barabara hunyooka na mwendo huongezeka. Tangu lami ilipokamilika miaka ya 2010, njia hii ya Minjingu, Babati hadi Singida imekuwa kiungo cha kaskazini na barabara kuu iendayo Nzega, na kutoka huko hadi Rusumo kwa waendao Rwanda au Kabanga kwa waendao Burundi. Hapa gari huwakuta wenzake, na anayekwenda pole hutaka kupitwa na mwenye haraka. Na hapa ndipo usukani ulioko ukingoni unapogeuka kuwa kitanzi.

Fikiria, ndugu msikilizaji. Dereva wa usukani wa kushoto yuko nyuma ya lori la ngano, naye anashika kushoto kama sheria yetu inavyotaka. Mbele yake haoni kitu ila turubai. Mwenye usukani wa kulia angesogea kidogo tu kuelekea katikati, akachungulia, na kama njia si salama angerudi. Huyu wa kushoto, ili macho yake yafike mahali pa kuchungulia, hana budi kulitoa karibu gari zima katika upande wa wanaokuja. Akiona hatari, tayari yuko ndani ya hatari. Kwa sababu hiyo hutegemea macho ya utingo. Utingo akisema "twende," dereva hukanyaga mafuta. Roho za watu wote waliomo njiani zimo katika ulimi wa kijana ambaye pengine hajawahi kushika usukani, na ambaye huenda hajalala usiku kucha.

Yako mengine mawili yasiyosemwa mara nyingi. La kwanza ni eneo lisiloonekana. Dereva aliyekaa kushoto juu ya lori refu haoni vema kilichopo ubavuni mwake upande wa kulia, na huko ndiko magari mengine yanakopita yanapomtangulia. Uingereza, ambako hushika kushoto kama sisi, ililitambua tatizo hili kwa malori yanayovuka bahari kutoka Ulaya. Katika miaka ya 2000 wakuu wa usafiri wa huko waliwagawia madereva wageni vipande vya plastiki vilivyochongwa kama lenzi, vya kubandika kwenye dirisha la upande wa pili, ili waone kile ambacho kioo cha pembeni hakikionyeshi. Ni kitu cha bei ndogo.

La pili ni taa. Taa za gari zinapowekwa dimu hazimuliki sawasawa pande zote. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kushika kushoto huinua mwanga wake kidogo upande wa kushoto ili kumulika ukingo na waendao kwa miguu. Gari la nchi za kushika kulia huuinua mwanga huo upande wa kulia. Likija kwetu bila kurekebishwa, hata dereva akiwa muungwana akaweka dimu, sehemu ya mwanga huingia machoni mwa anayekuja. Dereva wetu hudhani anafanyiwa jeuri, naye hujibu kwa kuwasha taa kubwa. Vipofu wawili wanapishana kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, na kati yao yumo mchungaji wa Kibarabaig anayevusha ng'ombe waliochelewa.

Ndugu msikilizaji, tusije tukadhani kwamba sisi tu ndio tunaoletewa usukani wa kigeni. Jirani zetu wanaipata shida hiyohiyo, tena kwa wingi zaidi, na chanzo chake hupita bandarini kwetu. Japani hushika kushoto, na magari yake ya ndani yana usukani kulia. Kwa sababu ya kaguzi za lazima zinazozidi kuwa ghali gari linapozeeka, Wajapani huyauza magari yao yakiwa bado mazima, nayo huja Afrika kwa meli. Sisi, hasa baada ya mwaka 1984 watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, tumeyapokea kwa furaha, kwani yanalingana na barabara zetu. Lakini magari hayohayo huteremshwa Dar es Salaam yakaendelea hadi Bujumbura, Bukavu na Goma, ambako hushika kulia.

Huko basi dogo la Kijapani lina mlango mmoja wa abiria, nao uko kushoto. Kwetu mlango huo hufunguka ukingoni, mama akashuka na mtoto wake mgongoni akiwa salama. Kwa jirani mlango uleule hufunguka katikati ya barabara. Kila abiria anayeshuka anakanyaga njia ya magari. Kile alichokifanya utingo wa Katesh kwa bahati mbaya siku ya mnada, watoto wa shule wa huko wanakifanya kila asubuhi. Hayo si makosa ya dereva wala ya abiria. Ni matokeo ya nchi maskini kununua kile ambacho matajiri wamekitengeneza kwa ajili ya barabara zao wenyewe.

Serikali mbalimbali zimejaribu dawa mbalimbali. Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia katikati ya miaka ya 2000, kisha mwaka 2014 ikalegeza kwa malori makubwa, maana sehemu kubwa ya biashara yake hutegemea njia za kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Tangu Rwanda na Burundi zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, limezungumzwa mara kadhaa wazo la Rwanda kuhama na kushika kushoto, lakini bado inashika kulia. Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, ilihamia kulia mwaka 1970, na kwa miongo kadhaa watu wake wakaendelea kuendesha magari ya usukani wa kulia katika barabara za kulia. Samoa ilifanya kinyume: mwaka 2009 ilihama kutoka kulia kwenda kushoto ili wananchi wapate magari nafuu kutoka New Zealand na Australia. Kote huko aliyeamua alikuwa mfuko, macho ya dereva yakafuata baadaye.

Je, hatari hii imepimwa? Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako hushika kulia, watu waliingiza magari yaliyotumika ya Kijapani. Shirika la bima la jimbo hilo lilichunguza, na mwaka 2007 likaeleza kwamba magari yale yalikuwa yakisababisha ajali zaidi ya asilimia 40 kuliko magari ya usukani wa kushoto. Inafaa kukumbuka kwamba hao ni Wakanada wale wale ambao wataalamu wao walikuja Hanang kulima ngano na shirika letu la NAFCO. Wenye barabara pana na polisi wa kutosha wameona tofauti kubwa namna hiyo. Sisi wenye barabara za njia mbili tusijidanganye.

Lakini yako na mafunzo ya upande wa pili. Sweden ilishika kushoto hadi mwaka 1967 huku magari yake mengi yakiwa na usukani wa kushoto. Mwaka 1955 wananchi walipopigiwa kura ya maoni, zaidi ya asilimia 80 walikataa kuhama. Serikali ikaamua kuhama hata hivyo, na alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ikahamia kulia. Watu walitarajia maafa. Badala yake ajali zilipungua, kwa sababu kila dereva alikuwa mwangalifu na mwenye hofu. Baada ya muda mazoea yakarudi, na ajali nazo zikarudi kiasi cha zamani. Usukani uliwekwa mahali pake, lakini kilichowalinda watu zaidi siku zile za mwanzo kilikuwa uangalifu.

Kwa hiyo tufanyeje sisi wa Mbulu na Hanang? Hatuwezi kumzuia jirani asipite, wala haitupasi. Maharage yetu na vitunguu swaumu vyetu vinamhitaji, na desturi ya mataifa, tangu mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, ni kuyapokea magari ya wageni jinsi yalivyotengenezwa kwao. Pale Rusumo daraja jipya la njia mbili, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa rasmi mwaka 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, limerahisisha mapito. Ni kichekesho cha historia kwamba nchi inayotuuzia magari yaliyotumika ndiyo iliyotujengea daraja ambapo magari hayo hubadilisha upande.

Tunachoweza ni kujifunza. Dereva wetu, ukiona nyuma ya lori maandishi yanayotahadharisha kwamba usukani uko kushoto, elewa kwamba mwenzako hakuoni unapompita. Piga honi, subiri ajue upo, ndipo umpite moja kwa moja, usikae ubavuni mwake. Mwenye lori, mpe dereva wako vioo vya kutosha na taa zilizorekebishwa, na umpe utingo usingizi. Dereva mgeni, usimpite mtu kwa kuambiwa. Kama macho yako mwenyewe hayajaona, njia haijafunguka. Na wenye madaraka ya barabara wazitazame siku za minada, Katesh, Endasak na kwingineko, wawatengee malori ya safari ndefu mahali pa kusimama nje ya lami, ili anayeshuka kwa mlango wowote akanyage udongo.

Nilipoagana na mzee yule nilimwuliza, baada ya miaka yote hiyo, usukani upi ni bora. Akaniambia, "Bora ni ule unaokukumbusha kila siku kwamba kuna upande huuoni." Kisha akasimama na fimbo yake. Alipofika ukingoni mwa lami akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, ndipo akavuka.